Niendelee kutia rangi maleba mwenyewe? Dansi yangu imejengwa juu ya sketi

sketi_duara

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa dansi, mwaka wa mwisho. Natunga dansi ya wachezaji watano, ya dakika 14, na maleba nayatia rangi mwenyewe kwa mkono. Naomba ushauri wa watu wa rangi na wa watunzi wenzangu pia.

Nianze na dansi yenyewe, la sivyo swali litaonekana la ushonaji tu. Wachezaji wanaanza wamelala, sketi zimetandazwa sakafuni. Wanainuka kwa kupokezana, mmoja akishuka mwingine anapanda, kisha inafuata sehemu ndefu ya kuzunguka. Sketi ni ya duara kamili, pamba nyepesi. Pindo ni buluu iliyokolea sana, na buluu hiyo inafifia kadiri inavyopanda, mpaka kiunoni inakaribia weupe. Mchezaji akisimama wima, uzito wote wa rangi uko chini, usawa wa vifundo vya miguu. Akizunguka, sketi inafunguka, pindo linapanda hadi nyonga, na kile kiza kilichokuwa ardhini kinageuka mkanda unaoelea ukimzunguka, miguu ikibaki wazi chini yake. Dansi nzima inatafuta dakika hiyo.

Mzunguko huo niliutunga kwanza kwa kasi, na sketi isiyo na rangi. Nilipomvalisha mwenzangu sketi ya majaribio iliyotiwa rangi, nikakaa mbele kabisa, niliona kitu ambacho kioo cha studio hakikuwahi kunionyesha. Kwenye kasi ile sketi inalala bapa, na aliyekaa usawa na mchezaji anaona ukingo tu, mstari mmoja wa buluu. Ule mpito wa rangi nilioupenda ulikuwa unaonekana na dari peke yake. Tukapunguza mwendo. Sketi ikashuka ikawa kama mwavuli ulionusu kufunguka, na rangi yote ikasomeka kuanzia kiunoni hadi pindoni. Halafu tukajaribu kusimama ghafla katikati ya mzunguko: mwili umesimama, sketi inaendelea, inajivingirisha kwenye mapaja, kisha inarudi upande wa pili ikiwa imechelewa nusu ya hesabu (pigo moja tunalolihesabia mwendo). Mchezaji anangoja sketi imalize ndipo aende chini. Kusimama huko sikukutunga mimi peke yangu, kulizaliwa na kitambaa na rangi. Ndiyo maana nashindwa kutenganisha kazi ya studio na kazi ya ndoo.

Sasa matatizo. Blauzi za wachezaji ni za nailoni yenye spandeksi, zinabana mwili. Nilizitia kwenye rangi ileile ya sketi, kwa njia ileile ya maji ya uvuguvugu na soda. Sketi ilitoka buluu ya kina, blauzi ikatoka kijivu cha kusikitisha chenye mabaka. Pili, sketi zinachuja. Mchezaji akitoka jasho, magoti na viganja vyake vinakuwa vya buluu, na kwa kuwa tunafanya kazi nyingi ya sakafuni, sakafu nayo inapata. Tatu, nilipoomba kuona kipande chini ya taa za jukwaani, ile buluu iligeuka rangi ya tope. Taa zilikuwa za njano ya kaharabu, na nilizichagua mwenyewe kwa sababu ngozi za wachezaji zinapendeza sana chini yake.

Na la nne ndilo zito. Mwalimu wangu wa utunzi, ambaye namheshimu sana, anasema saa ninazotumia kuloweka na kusuuza ningezitumia na wachezaji. Ninunue sketi za buluu zilizo tayari, nirudi studio. Sidhani kama ana nia mbaya. Ila nikiwaza sketi za rangi moja kuanzia juu hadi chini, nusu ya dansi yangu haina tena sababu ya kuwepo.

Je, niendelee? Na kama niendelee, nifanye nini ili blauzi na sketi zikubaliane, rangi isichuje, na taa zisiiue?

---

fundi_maleba

Dada, umeeleza vizuri, na nakujibu kwa urefu kwa sababu matatizo yako mawili ya kwanza yanatibika kabisa.

Rangi unayotumia, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya kundi la riaktivu. Hizo hujifunga kikemia na nyuzi zinazotokana na mimea: pamba, kitani, viskosi. Soda (sodiamu kaboneti, ile kali, si ile ya kuumulia unga) kazi yake ni kuwezesha muungano huo. Hariri nayo hupokea. Nailoni ni kitu kingine. Nailoni inataka rangi za asidi, pamoja na siki au asidi ya sitriki, na inataka moto. Ukiiweka kwenye soda na maji ya uvuguvugu, rangi inaipaka juujuu tu, ndiyo hicho kijivu chako. Poliesta ni ngumu zaidi, ina rangi zake peke yake na inahitaji maji yanayokaribia kuchemka au zaidi. Kwa hiyo kabla ya kununua kitambaa chochote, kata uzi kidogo uuchome, mbali na vitu vinavyoshika moto. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri na sufu zinanuka nywele. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kuganda kuwa punje ngumu.

Unaweza kutumia vyungu viwili, kimoja cha sketi kimoja cha blauzi, ukalinganisha rangi kwa jicho. Watu hufanya. Lakini ushauri wangu ni mwepesi zaidi: badilisha kitambaa cha blauzi. Tafuta pamba ya kufuma yenye spandeksi kidogo, asilimia 5 hivi. Inavutika ya kutosha mchezaji kupinda mgongo, inapokea rangi ileile ya sketi, na kwa kuwa njia yako ni ya maji yasiyo moto, spandeksi haidhuriki. Joto kali la muda mrefu ndilo linaloua mvutiko, na nailoni ingekulazimisha upashe. Kumbuka tu kwamba uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta. Utabaki mweupe kwenye kila mshono. Shona kwa uzi wa pamba kama hutaki mistari hiyo.

Sasa mpito wa rangi. Nitakupa ninavyofanya mimi. Fua kitambaa kwanza kwa maji moto na sabuni, hata kama kinaonekana kisafi, maana kiwandani hupakwa vitu vya kukikaza, na rangi itakwama hapo na kukuletea mabaka. Loweka sketi nzima kwenye maji ya soda, gramu 50 hadi 60 kwa lita, kama nusu saa. Ikamue. Iache na unyevu, kwa sababu kitambaa kikavu kinanyonya kwa pupa na kuacha mstari mkali pale maji yalipoishia. Itundike kwa kiuno chake, pindo lining'inie. Hapo ndipo sketi ya duara inakusaidia: ikining'inia hivyo, pindo lote linakuwa karibu usawa mmoja, na ukiishusha kwenye ndoo rangi inafuata duara yenyewe.

Anza na rangi hafifu, shusha sketi mpaka karibu na kiuno, pandisha na kushusha bila kutulia. Kisha inua kidogo, ongeza rangi ndooni, endelea. Inua tena, ongeza tena. Pindo ndilo linabaki ndani muda mrefu kuliko yote na kupata rangi kali kuliko yote. Mkono usisimame. Ukisimama hata kwa muda wa kupokea simu, utauona mstari huo jukwaani kila siku ya onyesho.

Kipimo: pima uzito wa kitambaa kikavu. Kwa rangi ya wastani tia unga wa rangi asilimia 2 ya uzito huo, kwa iliyokolea 4 au zaidi. Kila sketi ipate ndoo yake mpya yenye vipimo vilevile. Soda iliyo kwenye kitambaa inavujia ndooni na kuichosha rangi, kwa hiyo sketi ya tano ikiingia kwenye ndoo ya sketi ya kwanza, usitegemee zifanane.

Kuchuja. Rangi isiyojifunga na uzi imejificha tu ndani ya kitambaa, inangoja jasho. Ukimaliza kuchovya, funika sketi kwa plastiki isikauke, iache mpaka kesho yake mahali penye joto la kawaida. Kisha suuza kwa maji baridi mpaka soda itoke yote. Hapo ndipo uingie maji moto, nyuzi 60 au zaidi, na sabuni. Watu wengi hukosea hapo: huanza na maji moto, au huishia na ya baridi. Loweka usiku kucha kwenye maji moto, tazama maji asubuhi, rudia mpaka yawe meupe. Kipimo cha mwisho: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua pindo kwa nguvu. Kikibaki cheupe, mpe mchezaji avae.

Na tafadhali, vaa barakoa unapofungua unga wa rangi. Ukiuvuta mara kwa mara unaweza kuupa mwili mzio wa kupumua, na mzio huo haukuachi. Mcheza dansi anaishi kwa mapafu yake. Glovu pia, na ndoo hizo zisirudi jikoni kamwe.

---

taa_za_pembeni

Natoka upande wa taa. Buluu yako haikuharibika, imenyimwa chakula. Kitambaa cha buluu kinaonekana buluu kwa sababu kinarudisha mwanga wa buluu. Kaharabu karibu haina buluu ndani yake, kwa hiyo kitambaa hakina cha kurudisha, kinabaki tope. Usibadilishe rangi ya sketi. Mwombe mtu wa taa aache kaharabu upande mmoja tu, hafifu, kwa ajili ya ngozi, na upande wa pili aweke baridi au urujuani mwepesi. Ngozi itapata joto lake na sketi itapata uhai.

Na kwa dansi yako taa ya maana kuliko zote ni ile ya chini pembeni, usawa wa ugoko. Hiyo inapiga pindo wakati wachezaji wako sakafuni, na sketi ikifunguka inaingia chini ya ule mkanda na kuung'arisha kwa ndani. Taa za juu peke yake zitakupa kichwa na mabega, na kivuli pale ulipoweka kazi yako yote.

Peleka vipande vitatu vinne vya buluu tofauti chini ya taa kabla hujachovya sketi hata moja. Rangi mbili zinazofanana mchana zinaweza kutengana kabisa chini ya taa.

Kuhusu swali la mwalimu: Loie Fuller, mcheza dansi Mmarekani, alijenga jina lake Paris kuanzia 1892 kwa mita nyingi za hariri na taa za rangi. Mwaka 1894 alipewa hataza Marekani kwa vazi lake la dansi, lenye fimbo za kurefusha mikono. Kitambaa, taa na mwendo vilikuwa kazi moja kwake. Huna haja ya kuomba radhi.

---

goti_chini

Nasema kama mchezaji niliyewahi kuvalishwa sketi ndefu wiki ya onyesho.

Wape wachezaji wako sketi za mazoezi SASA. Zisiwe na rangi, ila ziwe za kitambaa kilekile, urefu uleule. Kuinuka kutoka sakafuni ukiwa umevaa sketi ya duara ni kujifunza upya: goti linakanyaga pindo, unavutwa kiunoni, unarudi chini. Lazima mkono ujue kusogeza kitambaa kabla goti halijatua, na mkono huo uwe sehemu ya dansi, usionekane unarekebisha nguo. Na ile hesabu nusu ya kungoja sketi uliyoisema, mchezaji hawezi kuijifunza kwa kuambiwa. Anaijua kwa kuvaa.

---

hesabu_nane

Naomba niwe upande wa mwalimu kidogo, kwa heshima zote.

Mimi nafundisha utunzi. Ninachokiogopa kwa wanafunzi si muda wa kuloweka. Naogopa kitambaa kizuri kinachoficha mwendo usioiva. Sketi ya duara inapendeza hata mtu akizunguka tu bila wazo. Kwa hiyo swali langu kwako, mwanangu: ukiwavua sketi wachezaji hao watano, ukawaacha na suruali za mazoezi, kile kusimama kwa ghafla kinabaki na maana? Kupokezana kule kwa kupanda na kushuka kunasomeka?

Kuna mapokeo mazima yaliyotenganisha vitu hivi kwa makusudi. Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, alitunga mwendo wake peke yake, muziki na mandhari vikatengenezwa kando, vikakutana jukwaani. Kwenye dansi yake Summerspace ya 1958, mchoraji Robert Rauschenberg alipaka madoadoa ya rangi kwenye pazia la nyuma na kwenye maleba vilevile, mpaka wachezaji wakawa wanamezwa na mandhari na kutoka tena. Dansi ile inasimama yenyewe, na rangi inasimama yenyewe.

Upande wa pili yupo mtunzi na mchezaji Martha Graham na dansi yake ya peke yake, Lamentation, 1930. Ameketi karibu muda wote, ndani ya mfuko wa kitambaa kinachovutika, na dansi ni mvutano kati ya mwili na kitambaa hicho. Ukikitoa, hakuna dansi iliyobaki. Kwa hiyo njia zote mbili ni halali. Mwalimu wako anakutaka ujue uko kwenye ipi, na kama uko ya Graham, basi kitambaa kisiwe pambo hata dakika moja kati ya hizo 14.

---

sketi_duara

Asanteni sana, kwa kweli. Mwalimu @hesabu_nane, shikamoo. Nilifanya ulichosema. Niliwaomba wachezaji wacheze yote kwa suruali za mazoezi, nikamwalika mwalimu wangu akae nami.

Sehemu ya kupokezana sakafuni ilisimama vizuri bila sketi, na mwalimu alikubali. Kusimama kwa ghafla hakukusimama. Bila kitambaa cha kungoja, mchezaji anaonekana amesahau hatua. Na mimi naona hilo ndilo jibu: pale ndipo sketi inacheza, ni mchezaji wa sita, na siwezi kumwondoa kisha nikalaumu waliobaki. Ila kuna sehemu karibu na mwisho, kuzunguka kwa pamoja kwa watano wote, ambayo ilikuwa nzuri na sketi na tupu kabisa bila sketi. Hiyo ilikuwa pambo. Nimeitoa. Nimeweka mchezaji mmoja anayezunguka polepole huku wanne wakiwa wamelala wakishika pindo lake, wakiliachia mmoja mmoja. Sasa mkanda ule wa buluu unapanda kwa sababu mtu ameuachia, na kila anayeachia unausikia uzito ukipungua kwenye mwili wa anayezunguka. Mwalimu wangu alinyamaza, akasema turudie, kisha akaniuliza sketi zitakuwa tayari lini. Nimelichukua kama ruhusa.

@goti_chini, sketi za mazoezi zimeshaingia studio. Umesema kweli kuhusu mkono. Tumeupa mkono huo hesabu yake, na mmoja wa wachezaji ameufanya mzuri kiasi kwamba nimeupeleka pia kwenye sehemu ambayo hakuna kitambaa cha kusogeza.

@fundi_maleba, blauzi za nailoni nimeziweka kando, nimepata pamba yenye spandeksi. Kipande cha majaribio kimepokea rangi ileile na mvutiko haujapungua. Nitaitia blauzi rangi hafifu sana, ile ya juu kabisa ya sketi, ili kiuno kisionekane kama mpaka. Swali moja limebaki: sketi zikilowa zinarefuka, upande mmoja zaidi ya mwingine, na pindo linakuwa si sawa. Hiyo ni rangi au ni ushonaji?

---

fundi_maleba

Ni ushonaji, na kila sketi ya duara ina tabia hiyo. Kwenye duara, sehemu nyingine za kitambaa zinakatwa kwa mshazari, na mshazari unavutika, hasa ukiwa umebeba maji. Usikunje pindo kabla ya kutia rangi. Shona kiuno, tundika sketi usiku kucha ikiwa na maji yake, acha ivutike mpaka itosheke. Ndipo umsimamishe mchezaji mwenyewe, peku, upime kutoka sakafuni kwenda juu kuzunguka mwili mzima, ukate ziada. Kila mchezaji kwa urefu wake. Baada ya hapo ndipo uchovye, na kunja pindo jembamba mwisho wa yote, maana pindo nene linabeba rangi na maji zaidi na litabadilisha jinsi sketi inavyofunguka.

Na kama maji yako ni magumu, ya aina inayoacha utando mweupe kwenye birika, tia dawa ya kulainisha maji ndooni kabla ya rangi. Kalisi inazuia rangi kuingia vizuri, na inafanya kusuuza kusiishe.